Jenereta ilale ndani, ifanye kazi nje

Juzi usiku nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja wa Kivule, huwa anafuatilia ninachoandika kuhusu biashara ya friza. Kaandika hivi: "Shikamoo dada. Nimepata jenereta ya mtumba bei poa kabisa, jamaa anaiuza maana mgao umeisha. Nataka niiweke korido ya nyuma ya fremu, mlango wa uani nauacha wazi kidogo moshi utoke. Huku kwetu vibaka hawalali dada, nikiiweka nje asubuhi siikuti. Kuna shida?"

Nilikuwa nishazima taa. Nikaamka nikampigia, sikutaka hata kuandika. Nikamwambia mdogo wangu hiyo jenereta usiiwashe mpaka tumalize kuongea, tukaongea mpaka salio likakata, na baada ya hapo usingizi ukagoma kabisa. Nikaona bora niandike maana najua hayuko peke yake. Wenye saluni, wenye vibanda vya chipsi, wenye stationery, wapangaji wa chumba na sebule, wote tunaogopa kitu kimoja, kuibiwa, na hiyo hofu ya kuibiwa ndo inatufanya tuingize jenereta ndani ikiwa inawaka. Mwizi anachukua jenereta. Moshi wa jenereta unachukua watu.

Kwahiyo ukisoma sentensi moja tu leo soma hii: jenereta ilale ndani, ifanye kazi nje. Imezimwa, imepoa, iingize uifungie na makufuli yote uliyonayo. Ikinguruma iwe nje, na nje naposema ni nje kweli, sio barazani chini ya dirisha, sio koridoni, sio stoo yenye matundu, sio uani kule kwenye ukuta pande zote na bati juu.

Nieleze nilivyofika hapa.

Mimi nauza kuku na samaki wa friza Gongo la Mboto. Samaki nawafuata Feri alfajiri, kuku naletewa na wafugaji wa Chanika. Wote mliokuwa mjini mwisho wa 2023 kuingia 2024 mnakumbuka mgao ule, umeme unakatika asubuhi unarudi usiku, kesho ratiba nyingine. Mwenye friza anajua friza iliyojaa na isiyofunguliwa funguliwa inaweza kushika baridi siku nzima na zaidi, lakini friza ya biashara haiwezi kutofunguliwa, mteja anakuja anataka kuchagua, unafungua, unafunga, jioni unakuta maji ya damu chini. Nilimwaga samaki wazuri, changu na vibua, huku nawaangalia. Hela ya mtaji ule ilitoka kwenye kikoba na ilikuwa inasubiriwa kurudi kikobani.

Basi nikaenda Kariakoo. Wauzaji watakuambia namba kubwa iliyoandikwa pembeni kwa rangi nyekundu, 3500, 3000, wewe usiiangalie hiyo, tafuta kile kibati kidogo kilichobandikwa kwenye mashine, pale utakuta namba mbili, moja ni ya juu kabisa ambayo inaimudu kwa muda mfupi tu, nyingine ndogo zaidi ndo ya kufanya nayo kazi kila saa. Hesabu yako ifanye na ile ndogo. Na hesabu yenyewe ni hii, friza inaweza kula wati 150 au 200 ikiwa imeshatulia, lakini ile sekunde kompresa inapoanza inavuta mara tatu au zaidi ya hapo. Pampu ya maji hivyo hivyo, mota yoyote ile. Pasi haina kishindo cha kuanzia lakini yenyewe peke yake ni wati 1,000 na kuendelea, birika la umeme linafika 2,000. Taa za LED na feni na TV hizo hazina neno. Niliandika vitu vyangu kwenye karatasi nyuma ya risiti, nikachukua jenereta yenye wati 2,500 za kudumu, na muuzaji akaniambia mama wewe umekuja umejipanga. Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha.

Imekuja na kirikuu mpaka nyumbani, imesimama wima, tenki kavu. Hapo kuna jambo wengi hawajui, jenereta mpya za aina hii mara nyingi zinakuja hazina oili ndani. Kabisa. Ukiweka petroli ukavuta kamba unaua injini siku ya kwanza, labda ziwe zile zenye kinga ya kugoma kuwaka oili ikipungua. Iweke sehemu iliyo sawa, mimina oili taratibu, hizi za wati elfu mbili na kitu zinachukua kama lita 0.6, pima na kijiti. Oili ya kwanza imwage baada ya kama masaa 20 ya kazi, maana inatoka na unga wa chuma wa injini mpya. Zile ndogo kabisa za tu-stroki, za kuchanganya oili kwenye petroli, hizo ni habari nyingine, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake.

Sasa ndo nikamwita fundi, na hapa ndo maneno yalipoanza.

Fundi kaja, kijana mchangamfu, kaangalia ukuta, kaangalia mashine, akaniambia dada hii kazi ndogo, ngoja nikutengenezee waya. Akatoa waya una plagi huku na plagi huku. Kichwa kimoja kinaingia kwenye jenereta, kingine kinaingia kwenye soketi ya ukutani, fremu yote inawaka. Bei ndogo, dakika kumi kazi imeisha, na mtaa mzima wanafanya hivyo.

Nikamuuliza, huo umeme ukishaingia kwenye soketi unaishia wapi? Akacheka. Nikamwambia mimi nakuuliza kwa kweli. Kwasababu nilikuwa nimesoma, na nilichosoma ni kwamba umeme hauna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ukisahau kuzima meni swichi, ule umeme unaweza kupita kwenye luku ukarudi kwenye waya wa nguzo, ukifika kwenye transfoma inafanya kazi kinyumenyume, volti zako 230 zinapandishwa kuwa 11,000 au zaidi, na kule mbele yupo kijana wa TANESCO juu ya nguzo ameshika waya anaojua hauna umeme, ana mke na watoto. Na TANESCO wakirudisha umeme wakati jenereta yako inawaka, vinagongana, mashine inaungua, na inaweza kuunguza na fremu. Na ule waya wenyewe, ukichomoka ukutani zile pini zipo wazi na zina umeme, mtoto anapita anaokota.

Fundi akaniambia dada nazima meni swichi kila siku, ni kukumbuka tu. Nikamwambia maisha ya mtu siyaweki kwenye kukumbuka kwangu. Akamgeukia kijana wake akasema kwa sauti, hawa wanawake waliosoma soma ni shida. Wapo wateja walikuwepo walisikia. Mpaka leo nikipita pale kijiweni kwao sijasahau hiyo sauti.

Nikatafuta fundi mwingine, mtu mzima, ana leseni ya EWURA, nikamwomba anioneshe akanionesha bila kununa. Huyo kanifungia chenjiova, ile swichi kubwa yenye pande mbili na sifuri katikati, upande huu TANESCO, upande huu jenereta, haiwezekani zote mbili zikakutana hata ukiwa umelewa usingizi. Akapiga na fimbo ya athi ardhini, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Iligharimu, sisemi haikugharimu, lakini nilihesabu nikaona ni chini ya samaki niliowamwaga. Kama huna hela ya chenjiova bado unayo njia halali, usiiguse kabisa nyumba, chomeka friza moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nzito ya waya wa 2.5 (milimita za mraba, ndo unene wa waya wenyewe), uikunjue yote, maana waya uliozungushwa kwenye roli ukibeba mzigo mzito unapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Hizo ekstensheni nyembamba za kuchajia simu usizilete huku.

Yakaisha ya umeme, yakaja ya mahali pa kuiweka. Mwenye nyumba wetu, mzee ninayemheshimu, akasema iwekwe kwenye korido ya nyuma, kuna geti la chuma, wote tuweke humo, mimi, kinyozi wa pembeni, na mama wa vitenge. Wote wakakubali. Mimi nikakataa.

Hapa lazima niseme kitu ambacho huwa sikisemi sana. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa Makete. Wanaojua Makete wanajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Walilala na jiko la mkaa ndani, yeye na mjukuu wake, mlango wamefunga, dirisha wameziba na kanga. Asubuhi hawakuamka. Nilikuwa darasa la sita, na nakumbuka watu wazima msibani wakisema mbona chumba hakina hata moshi, mbona hawana alama, wakaanza kutajana majina ya wachawi, na ule ugomvi ukagawa ukoo wetu kwa miaka. Hakukuwa na mchawi. Ile ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye mapafu inang'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwahiyo mtu anapumua vizuri kabisa, kifua kinapanda kinashuka, lakini damu haina nafasi ya kubeba oksijeni. Anaumwa kichwa, anachoka, kizunguzungu, kichefuchefu, na akiwa kalala hayo yote hayasikii.

Jenereta ni jiko la mkaa lenye injini. Gesi ni ile ile, ila yenyewe inaitoa kwa wingi wa kutisha. Ile tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa inasema jenereta moja ya kubebeka inaweza kutoa kaboni monoksaidi sawa na mamia ya magari. Mamia. Na wao kule wanashauri iwe nje, umbali wa futi 20 kutoka kwenye nyumba, yaani kama mita 6, bomba la moshi likiangalia upande usio na mlango wala dirisha. Kufungua dirisha hakutoshi. Feni haitoshi. "Sisikii harufu" haimaanishi kitu, harufu unayoijua ni ya petroli na masizi, ile inayoua haina.

Niliwaeleza hivyo kwenye kikao chetu pale nje ya fremu. Mzee akasema binti yangu unatuletea habari za Ulaya, hapa Dar joto, milango iko wazi. Kinyozi akasema dada anajifanya injinia. Nikanyamaza, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia nitengenezee kizimba cha nondo, pande zote wazi upepo upite, juu bati la mteremko lililonyanyuliwa ili mvua isiingie, chini kimwagiwe zege, mlango una kufuli mbili, na ndani pete ya chuma iliyozama kwenye zege napitisha mnyororo kwenye fremu ya jenereta. Nikaweka kwenye kile kieneo cha mbele pembeni ya mwembe, mbali na milango yetu. Wapita njia walikuwa wanauliza huyu anafuga nini. Usiku natoa mnyororo, ikishapoa vizuri naiingiza ndani ya fremu ambayo hakuna anayelala humo. Haijaibiwa. Kibaka anataka kitu cha kubeba akimbie, chuma cha kukata na msumeno dakika ishirini hana muda nacho.

Na upepo wetu uangalieni jamani, sisi ni watu wa pwani, wakati wa kaskazi unapuliza huku na wakati wa kusi unageuka. Kizimba changu kilivyoanza kaskazi moshi ulikuwa unaelekea barabarani, ilivyofika kusi ukawa unarudi kwa fundi cherehani, nikaigeuza mashine, kazi ya dakika mbili. Shika kipande cha mfuko wa nailoni, uone unapepea wapi, ndo uamue.

Wenzangu wakaweka koridoni.

Sitaki kurefusha sana hapa maana wale vijana wapo na wana familia zao. Ilikuwa jioni ya Jumamosi, kinyozi kajaa wateja, jenereta imenguruma koridoni toka mchana, na mvua ikaanza kunyesha wakafunga ule mlango wa nyuma maji yasiingie. Mmoja akaanza kulalamika kichwa. Wakasema njaa. Mwingine akatapika, wakasema malaria. Mimi nilikuwa nafunga hesabu, nikasikia mtu kaanguka, nikaenda, nikakuta kijana wa kinyozi chini na mteja kaegemea ukuta macho yamelegea, na watu wanamwagia maji ya baridi na wanasema apepewe, humo humo ndani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watoeni nje! Watoeni nje! Zimeni mashine! Tukawaburuta mpaka barabarani kwenye mvua. Bajaji ikaja. Hospitali wakawekewa oksijeni, wakapona, Mungu ni mwema.

Kesho yake nilisikia maneno ya majini na biashara za ushirikina. Yale yale ya Makete. Nililia siku hiyo, nililia kwa hasira kuliko uchungu. Baadae korido ikatolewa jenereta zote, kimyakimya, kukajengwa vizimba viwili kama changu, fundi yule yule. Hakuna aliyekuja kuniambia dada ulisema. Hata mzee. Nimeshawasamehe lakini niliona niandike kwamba sikuambiwa.

Sasa ndugu zangu niwaambie bila kupepesa. Mnasema mgao umeisha, kweli, Bwawa la Mwalimu Nyerere liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024 na mitambo yote ikakamilika 2025, megawati 2,115, tunashukuru. Lakini nguzo bado zinaanguka masika, transfoma bado zinalipuka, na jenereta za mgao bado zipo mtaani zinauzwa mtumba kwa watu wasiopewa hata kitabu cha maelekezo. Na hiyo ndo hatari zaidi, kitu unachokitumia mara moja moja unakisahau. Ukiinunua ya mtumba mwaga petroli ya zamani yote, iliyokaa miezi inaganda na kuziba kabureta. Pima volti na mita kabla hujachomeka kitu, iwe karibu na 230. Kama muuzaji anakuambia volti ilikuwa ndogo fundi akaongeza mzunguko, usiifurahie, hizi nyingi zinatakiwa zizunguke kama mara 3,000 kwa dakika ili zitoe hezi 50, yaani mpigo ule ule wa umeme wa TANESCO, ukizidisha unaunguza mota za watu.

Kuwasha kwenyewe ni nidhamu tu. Angalia oili kila siku kabla ya kuwasha. Vitu vyote viwe vimezimwa. Fungua mafuta, vuta choki, vuta kamba, ikishashika rudisha choki, iache ipate joto dakika chache, ndo uanze kuweka mzigo, friza kwanza moja, ikitulia ya pili, halafu hivyo vidogo vidogo. Kuzima ni kinyume chake, toa mzigo kwanza. Mikono mikavu, ndala miguuni, usiiguse kwenye madimbwi.

Na petroli. Zima mashine, iache ipoe kabisa, ndo ujaze. Kabisa! Watu wanajaza inawaka eti TV isizime mechi inaendelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, unatambaa sakafuni mpaka ufikie moto, kwahiyo hata kama jiko la mama ntilie liko hatua kadhaa usijidanganye. Sisi Watanzania hatupaswi kuhadithiwa petroli inafanya nini, 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori lilianguka, watu wakaenda kuchota, walifariki zaidi ya watu 100. Lori na kidumu cha lita tano mafuta ni yale yale. Usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto akiona chupa anajua ni maji. Tumia kidumu cha mafuta chenye mfuniko unaobana, kikae nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko na mtungi wa gesi.

Na misibani. Naomba wenyeviti wa mtaa, mashehe, wachungaji, kamati za misiba mnisikie hili. Tunafunga turubai, jenereta inakodiwa, inawekwa nyuma ya turubai ili kelele isisumbue mahubiri, na usiku kina mama wanalala chini kwenye mikeka na magodoro humo humo, watoto wako nao, turubai limeshushwa pembeni kwa ajili ya mbu na umande. Nimekwenda misiba ya namna hiyo nikaamka usiku nikaisukuma mwenyewe na vijana wawili, nikaonekana mwanamke ana kiherehere kwenye msiba wa watu. Niko radhi. Waya uwe mrefu, mashine ipelekwe kule barabarani, awekwe kijana wa kuilinda apewe na chai. Kwanini tuzike mara mbili?

Wewe baba unayewasha jenereta uani usiku na watoto wamelala chumba cha nyuma, wewe mama unayemwachia mtoto wa kidato cha kwanza ajaze mafuta, wewe fundi unayetengeneza waya wa plagi mbili kwasababu mteja ana haraka, mnajua sasa, nimeshawaambia. Mkiambiwa "unajifanya injinia" kubalini kuitwa hivyo.

Mwisho ukimkuta mtu kaanguka karibu na jenereta au jiko la mkaa. Usimpepee humo ndani na usikae naye humo, wewe pia unapumua hiyo hewa. Fungua mlango, mvute nje, zima mashine kama unaifikia, piga 114 kwa Zimamoto au kamata usafiri wowote. Kama watu wawili watatu ndani ya nyumba moja wanaumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja na mashine inawaka, hiyo sio malaria, tokeni nje wote na paka wenu. Hata akizinduka apelekwe hospitali, akipumua hewa ya kawaida hiyo gesi inachukua masaa 4 au 5 kupungua nusu tu kwenye damu, akiwekewa oksijeni ni kama saa 1 au saa 1 na nusu. Na mkifika mapokezi msiseme tu kaanguka ghafla. Semeni kulikuwa na jenereta ndani. Kile kidude wanachobana kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha gesi hii na oksijeni, kinaweza kuonesha namba nzuri kabisa kwa mtu anayekufa, kwahiyo daktari asipoambiwa ataanza na kipimo cha malaria wakati dakika zinakwenda. Mwambie nesi wa kwanza utakayemuona, jenereta, na mrudie na daktari umwambie tena.